Faiba Haiozi, Boti ya Faiba Huoza: Ufafanuzi kwa Anayetaka Kufufua Boti Kuukuu Nyumbani

Tangu serikali ya Tanzania ianze kuwakopesha wavuvi boti za faiba katika miaka hii ya karibuni, mazungumzo ya boti yamehama ufukweni na kuingia hata sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kutupa ndoana. Pamoja nayo hutajwa boti kuukuu: ile iliyokuwa ya hoteli, ile ya wapiga mbizi, ile ya mtu aliyehama, ambayo imelala miaka kadhaa chini ya mwembe huko Kigamboni, Tanga au Mtwapa, na ambayo mwenyewe yuko tayari kuiachia kwa bei ya kutupa. Mstaafu au mwajiriwa mwenye Jumamosi zake huiona, akaipenda, akawaza kuikarabati polepole uani kwake kwa kujifurahisha. Akiomba ushauri, jibu analopewa mara nyingi ni lile lile: nunua tu, faiba haiozi.

Kauli hiyo si uongo. Tatizo ni kwamba boti ya faiba haikutengenezwa kwa faiba peke yake, na karibu kila mkanganyiko katika ukarabati wa vyombo hivi, kuanzia bei, uchaguzi wa gundi, hadi mahali pa kuanzia kazi, hutokana na kusahau jambo hilo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Boti ndogo tunayoizungumzia ni chombo cha urefu wa mita 4 hadi 6, chenye mwili wa faiba na mashine inayofungwa nyuma kwa nje, kwa kawaida yenye nguvu za farasi kati ya 15 na 40. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na ukuta wa nyuma unaobeba mashine tutauita ukuta wa tezi. Maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo ni ngama. Mashua, madau na vyombo vingine vya mbao vina elimu yake ya mkuku, mataruma na kalafati, ambayo mafundi wa Nungwi na Lamu wanaijua kuliko makala yoyote, na havihusiki hapa.

Faiba ni nini hasa

Faiba ni muungano wa vitu viwili: nyuzi nyembamba za kioo, na resini, yaani kimiminika kinachoganda na kuwa kigumu kikichanganywa na hadina, yaani kemikali ya kukigandisha. Aliyewahi kujenga nyumba atauelewa uhusiano wake mara moja, kwa kuwa ni ule ule wa zege na nondo. Resini bila nyuzi ni ngumu lakini hupasuka ikipindwa. Nyuzi bila resini hustahimili kuvutwa lakini hazina umbo. Zikiungana, kila moja hufunika udhaifu wa mwenzake. Nyuzi za kioo zilianza kuzalishwa viwandani nchini Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, jimbo la Ohio, akatengeneza boti kwa nyuzi hizo na resini ya poliesta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ufundi huo ukasambaa, kwa sababu boti nyingi za umbo moja zingeweza kutolewa katika kalibu moja bila kumhitaji seremala bingwa kwa kila chombo.

Juu ya nyuzi na resini kuna tabaka la mwisho la rangi, linaloitwa jelikoti, ambalo ni resini isiyo na nyuzi, yenye unene wa takriban nusu milimita. Kazi yake ni kukinga jua na maji na kuipa boti sura, haibebi uzito. Jambo hili lina maana kwa mnunuzi, kwani jelikoti iliyopauka au yenye nyufa ndogo kama utando wa buibui yaweza kufunika mwili usio na tatizo lolote, na jelikoti inayong'aa kwa kupakwa rangi wiki iliyopita yaweza kufunika mwili uliokwisha.

Sasa, faiba ina kasoro moja: hunepa. Ubao wa faiba wenye unene wa milimita 5 ni imara, lakini ukiukanyaga katikati utahisi unashuka. Ili kuupa ukakamavu bila kuongeza resini nyingi yenye gharama na uzito, watengenezaji wa boti waliweka mbao ndani yake. Ukuta wa tezi ulijazwa plaiwudi katikati ya matabaka mawili ya faiba. Chini ya sakafu ikapitishwa mihimili ya mbao kutoka omo hadi tezi, nayo ikafunikwa kwa faiba, na sakafu yenyewe mara nyingi ilikuwa plaiwudi iliyopakwa resini. Nafasi zilizobaki zikamiminwa povu gumu la kusaidia chombo kuelea hata kikijaa maji. Boti nyingi za siku hizi hutumia povu zito au vifaa visivyo na mbao kabisa, lakini aliyenunua boti ya miaka ya 1970 hadi 1990 na achukulie kwamba ndani yake kuna mbao mpaka atakapothibitisha vinginevyo.

Maji huingiaje mahali palipofunikwa

Boti mpya ikitoka kiwandani, mbao zake zimefungiwa vizuri. Kisha mwenye boti hufunga kifaa cha kupimia kina kwa skrubu mbili, mwenzake akaongeza kishikio cha fimbo za uvuvi, fundi wa mashine akatoboa matundu manne ya bolti, na tundu la kutolea maji pale chini likabaki na kingo wazi za plaiwudi. Kila tundu lisilozibwa ni mlango. Maji huingia kidogo kidogo, yakafyonzwa na mbao, na kwa kuwa pande zote mbili kuna faiba isiyopitisha hewa ya kutosha, hayana pa kutokea. Mbao iliyoachwa wazi hulowa na kukauka. Iliyofungiwa ndani ya faiba hulowa na kubaki hivyo.

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu huhitaji unyevu, joto na hewa kidogo. Mbao yenye unyevu chini ya takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulishangaa: maji ya mvua huozesha zaidi kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huikwamisha kuvu. Kwa hiyo boti iliyokuwa ikifanya kazi baharini kila siku yaweza kuwa nzima kuliko pacha wake aliyepumzishwa uani bila turubai, omo ikiwa imeinama, huku masika mawili yakijaza ngama na majani ya mwembe yakiziba tundu la kutolea maji. "Haijatumika miaka minane" si sifa ya boti. Ni onyo.

Kuipima kabla ya kulipa

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Ikiwa mashine bado imefungwa, ishike kwenye mguu wake chini na uisukume juu na chini kwa nguvu huku mtu mwingine akitazama ukuta wa tezi. Ukuta ulio mzima hautikisiki. Ukiona unapinda, au nyufa zinafunguka kwenye pembe unapokutana na ubavu, au maji yanachuruzika kwenye bolti, plaiwudi ya ndani imekwisha.

Kipimo cha pili ni kugonga. Chukua mpini wa nyundo au sarafu, ugonge taratibu kuanzia mahali unapojua pana uzima, kama sehemu ya juu ya ubavu, kisha uelekee kwenye tezi, kwenye sakafu na juu ya mihimili. Faiba iliyoshikamana na mbao nzima hutoa sauti kavu na kali. Iliyoachana nayo au yenye mbao zilizooza hutoa sauti nzito, ya bubu. Weka alama kwa chaki kila sauti inapobadilika. Baada ya nusu saa utakuwa umechora ramani ya ugonjwa, na mara nyingi mwenye boti mwenyewe hushangaa kuiona.

Kipimo cha tatu huhitaji ridhaa ya muuzaji, lakini ndicho kisichosema uongo. Toboa tundu dogo la milimita 4 au 5 kutokea ndani, kwenye ukuta wa tezi pale chini, bila kulifikisha nje. Unga wa mbao ukitoka mkavu na wa rangi ya mbao, ni heri. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka uvundo, ujue hesabu inabadilika. Tundu lenyewe huzibwa kwa epoksi, aina ya resini inayoshika sana, kwa dakika chache, hivyo muuzaji anayekataa katakata kipimo hiki naye amekwisha kukujibu.

Usisahau uzito. Povu la chini ya sakafu husifiwa kwamba halinyonyi maji, na likiwa jipya sifa hiyo ni ya kweli, lakini likikaa miaka mingi ndani ya ngama hulowa. Chukua boti yenye nusu mita ya ujazo ya povu, ambalo likiwa kavu lina uzito wa takriban kilo 16. Maji yakichukua moja ya tano tu ya nafasi hiyo, boti imebeba kilo 100 za ziada kila inapotoka, sawa na abiria mnene asiyeshuka. Mwenye boti atalaumu mashine kwamba imechoka, atanunua kubwa zaidi, na mashine hiyo ataifunga kwenye ukuta ule ule uliooza.

Malengelenge yanayoonekana chini ya mwili nayo huwatisha watu kupita kiasi. Husababishwa na maji yanayopenya jelikoti polepole, yakachanganyika na mabaki ya kemikali ndani ya resini, na mchanganyiko huo ukavuta maji zaidi mpaka ukasukuma jelikoti nje. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Hupata zaidi boti zinazoishi majini mwaka mzima. Kwa boti ndogo, malengelenge machache hufunguliwa, huoshwa kwa maji safi, huachwa yakauke wiki kadhaa, kisha hujazwa epoksi. Ni kazi ya kuchosha lakini si msiba. Ningechagua boti yenye malengelenge thelathini na ukuta mzima wa tezi kuliko ile laini yenye plaiwudi iliyogeuka mboji.

Kuufumua ukuta wa tezi

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na ndipo watu wengi wanapojaribu njia ya mkato. Njia hiyo ni kuongeza tabaka la faiba juu ya lililopo, au kufunga bamba la chuma nje na ndani na kulikaza kwa bolti. Nguzo ya zege iliyopasuka haiponi kwa kupigwa lipu, na ukuta wa tezi hauponi kwa kufunikwa. Mbao iliyooza lazima itoke.

Utaratibu unaomfaa mtu wa nyumbani ni kukata faiba ya ndani na kuiacha ya nje ikiwa nzima, kwa sababu ya nje ndiyo inayotunza umbo na sura ya boti. Kabla ya kukata, shikilia boti kwenye tela au magogo yaliyokaa sawa, kwa kuwa mwili uliotolewa ukuta wake wa ndani hulegea na kuchukua umbo la chochote unachokilalia. Baada ya faiba ya ndani kutoka, plaiwudi iliyooza hukwanguliwa kwa patasi, na ile inayong'ang'ania hutolewa kwa grainda. Kisha subiri. Faiba iliyobaki nayo inahitaji kukauka, na katika mwambao wenye unyevu mwingi kama wetu wiki mbili za kiangazi zina thamani kuliko mwezi mmoja wa masika.

Ukuta mpya hutengenezwa kwa plaiwudi ya majini, ambayo tofauti yake na ile ya samani ni gundi isiyoyeyuka kwa maji na matabaka yasiyo na mapengo ndani. Vipande viwili vya milimita 18 vikigandishwa pamoja hutoa unene unaokaribia ule wa boti nyingi za kiwango hiki, ila pima ule wa zamani kabla ya kuutupa, kwani vishikizo vya mashine vimetengenezwa kwa unene fulani. Kingo zote za plaiwudi hunyweshwa epoksi kabla ya kufungwa, maana mbao hunywa maji kwenye kingo zake mara nyingi zaidi kuliko kwenye uso.

Matundu ya bolti za mashine ndiyo yaliyoleta msiba wa kwanza, na ndiyo yatakayoleta wa pili yasipotunzwa. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi iliyokolezwa kwa unga wa kuifanya nzito, iache igande, kisha toboa tundu la kipimo cha bolti katikati ya epoksi hiyo. Hapo hata kizibo cha mpira kikichakaa, maji yatakutana na epoksi na si mbao. Hatua hii huchukua siku moja zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha ukarabati na kuahirisha tatizo.

Poliesta au epoksi

Madukani kuna resini za aina mbili zinazochanganya watu. Poliesta ni ya bei nafuu, ndiyo iliyotengenezea karibu boti zote za zamani, na hugandishwa kwa hadina kidogo sana, kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wake. Epoksi ni ghali, huchanganywa kwa uwiano uliopangwa na kiwanda, kama sehemu mbili kwa moja au tano kwa moja, na hushika mbao na faiba kuukuu kwa nguvu zaidi. Poliesta mpya juu ya poliesta ya mwaka 1985 haiungani nayo kikemia. Hushika tu mikwaruzo ya msasa. Kwa hiyo kwa ukuta wa tezi na mihimili, mahali ambapo gundi ikiachia mashine inaweza kwenda na ukuta wake, fedha ya epoksi hailiwi bure. Kwa sakafu au kifuniko cha kisanduku, poliesta iliyopakwa juu ya faiba iliyopigwa msasa hadi ikakwaruzika vizuri inatosha.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni ule wa hadina. Fundi akiona kazi inachelewa kukauka, huongeza. Kwenye poliesta, kuongeza hadina huharakisha kweli, lakini hupandisha joto, na tabaka nene laweza kupasuka au kuungua. Kupunguza chini ya asilimia 1 nako huacha resini isiyogandika sawasawa. Kwenye epoksi, kuongeza hadina hakuharakishi chochote: kila chembe ya hadina ina mwenzake wa kuungana naye, na inayozidi hubaki ndani kama ulaini usiokauka milele. Jibu la joto la Dar es Salaam au Mombasa ni kufanya kazi alfajiri, kuchanganya kidogo kidogo, na kumimina mchanganyiko kwenye sinia pana badala ya kikombe, kwa kuwa resini iliyorundikana kwenye kikombe hujichemsha hata ikatoa moshi.

Nyuzi nazo zina siri yake. Mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa hushikiliwa na gundi maalumu inayoyeyushwa na stirini, kemikali iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina stirini, hivyo mkeka wa kawaida hubaki mkaidi na kukataa kulala kwenye kona. Anayetumia epoksi anunue kitambaa kilichofumwa. Na kiraka cho chote cha mwili wa boti hakibandikwi juu ya tundu. Kingo za tundu huchongwa mteremko mrefu, takriban mara 12 ya unene, maana yake faiba ya milimita 5 huchongwa milimita 60 kila upande, ili nyuzi mpya zipate eneo pana la kushikilia za zamani. Puti ya magari isitumike chini ya mstari wa maji. Ulanga uliomo hufyonza maji, na baada ya muda kiraka huvimba na kubanduka.

Vumbi la faiba lisichukuliwe kimzaha. Ni vipande vya kioo, na kitambaa kilichofungwa puani hakiyazuii. Inahitajika barakoa yenye vichujio vya vumbi, na ya kuzuia mvuke wakati wa kupaka poliesta. Hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kupofua, basi miwani ni lazima hata kwa kazi ya dakika mbili. Kama resini yako inauzwa pamoja na kichapuzi cha kobalti katika chupa ya tatu, kamwe usikutanishe kichapuzi na hadina moja kwa moja, kwa sababu vinaweza kulipuka. Watoto na kuku wakae mbali na uwanja wa kazi, na sigara pia.

Mashine inayowaka si lazima iwe nzima

Muuzaji huvuta kamba, mashine inanguruma, mnunuzi anatabasamu. Mngurumo wa dakika moja huthibitisha kwamba kuna cheche na petroli, basi. Kinachofaa kupimwa ni mgandamizo wa silinda: chomoa plagi, funga kipimo, vuta kamba, andika namba ya kila silinda. Namba zenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine, lakini silinda za mashine moja zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, pistoni au ringi zimeanza kuchoka. Kisha fungua skrubu ya chini kwenye mguu na utazame oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili, na gia ziko mashakani.

Mashine hizi hupozwa kwa maji yanayovutwa na pampu ndogo yenye mapezi ya mpira. Mpira huo hukakamaa ukikaa bila kutumika, kwa hiyo kwenye boti iliyolala miaka hubadilishwa bila hata kuukagua. Mashine isiwashwe ikiwa kavu, hata kwa kujaribu tu, kwani maji ndiyo yanayoulainisha mpira na bila hayo huungua upesi. Mguu utumbukizwe ndani ya pipa la maji, na kijito cha maji kitoke nyuma ya mashine muda wote inapowaka.

Kwa mashine za mipigo miwili, ambazo ndizo nyingi katika boti kuukuu, oili huchanganywa na petroli. Uwiano wa kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, ila kitabu cha mashine yako ndicho kinachotawala. Anayeongeza oili kwa nia ya kuilinda zaidi huishia na plagi chafu na masizi. Oili yenyewe iwe ya mashine za majini, yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa na zenye joto kali, na viambato vyake huacha majivu ndani ya mashine inayopozwa kwa maji.

Kuna kipande kidogo cha madini kinachofungwa kwenye mguu wa mashine ambacho watu hukipaka rangi kipendeze. Kipande hicho kimewekwa ili kiliwe. Metali tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huzalisha umeme mdogo, na ile dhaifu zaidi huliwa. Zinki huwekwa ili iliwe badala ya alumini ya mashine. Ikipakwa rangi, haifanyi kazi, na mashine huliwa yenyewe. Anayehamisha boti kutoka Tanga kwenda Mwanza au Kigoma ajue pia kwamba katika maji baridi ya ziwani zinki hujivika utando na kulala, hivyo huko hutumika magnesi. Na magnesi ikirudishwa baharini huisha haraka mno.

Kuhusu ukubwa, mashine kubwa haimaanishi boti bora. Ukuta wa tezi ulipangiwa uzito na msukumo fulani. Boti za Marekani zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa 1972 na zenye urefu chini ya mita 6.1 hubandikwa kibao kinachotaja nguvu ya juu ya mashine na idadi ya watu. Kibao kikiwa kimepotea, idadi ya watu hukadiriwa kwa kuzidisha urefu na upana kwa futi na kugawanya kwa 15: boti ya futi 14 kwa 5 hutoa 4 na ushei, kwa hiyo ni watu 4, wa kilo 68 hivi kila mmoja, katika bahari tulivu. Urefu wa mguu nao upimwe. Mguu mfupi hufaa ukuta wa takriban sentimita 38, mrefu sentimita 51, na ukikosea, rafadha ama hukata hewa ama huburuta.

Rangi, nyaraka na siku ya kwanza majini

Rangi huja mwisho, na haina mengi. Rangi ya kuzuia chaza na mwani inahitajika kwa boti inayolala majini tu; inayorudishwa kwenye tela kila jioni haiihitaji. Rangi za zamani zenye kemikali ya bati ziitwazo TBT zilipigwa marufuku kimataifa kwa mkataba wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008, na za sasa nyingi zina shaba. Shaba isipakwe kwenye mguu wa alumini, kwa sababu ile ile ya metali kulana. Boti kuukuu yenye matabaka ya rangi isiyojulikana ipigwe msasa ikiwa imeloweshwa maji, ili vumbi lisiruke.

Nyaraka ziulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tanzania Bara usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na Kenya ni Kenya Maritime Authority. Boti iliyobadilika umiliki mara tatu kwa maneno ya mdomo huweza kukupa kazi ofisini kuliko ile iliyokupa uani. Boti ya kujifurahisha nayo ni chombo cha majini, na jaketi okozi huhesabiwa kwa idadi ya watu wanaopanda.

Siku ya kwanza, boti iteremshwe maji yanapokuwa shwari na ifungwe kwenye kina cha kiunoni kwa saa mbili au tatu bila mtu ndani. Ngama ikaguliwe kila baada ya muda, na kila bolti ya ukuta wa tezi ipapaswe kwa kidole kikavu kutokea ndani. Unyevu ukionekana, boti irudi juu siku hiyo hiyo, bolti ifunguliwe na kuzibwa upya. Ikiwa kavu, safari ya kwanza iwe ya kuambaa na ufukwe, mkiwa na makasia na chombo kingine karibu, na mashine isipewe kasi yote. Mkirudi, bolti za mashine zikazwe tena, kwa kuwa ukuta mpya hujibana kidogo baada ya kubeba uzito kwa mara ya kwanza, oili ya gia itazamwe rangi, na mashine izungushiwe maji baridi kwenye pipa kwa dakika kumi ili kuondoa chumvi.